Maumivu ya Kisigino: Namna ya Kuyatuliza Nyumbani Bila Kujidhuru

Yapo maumivu yasiyomlaza mtu kitandani, lakini yanamnyima raha kila anapoinuka. Maumivu ya kisigino ni mojawapo. Mgonjwa anaamka alfajiri, anaweka mguu chini, na hatua ya kwanza inamchoma kana kwamba amekanyaga msumari. Anatembea kwa kuchechemea mpaka uani, na baada ya hatua kadhaa maumivu yanapungua. Akikaa kunywa chai, kisha akasimama tena, yanarudi. Jioni, baada ya kazi ya kutwa, kisigino kinawaka moto.

Wengi wanaofika hospitalini na tatizo hili ni watu wa kati ya miaka 40 na 60, na hasa wale ambao kazi yao ni ya kusimama: akina mama wanaouza samaki kule Mwigobero mjini Musoma, walimu, wapishi wa shule, walinzi, mafundi, na wakulima wa Bunda na Butiama wanaokwenda shamba na kurudi kwa miguu. Hawa wakishindwa kusimama, si mguu tu unaoumwa. Biashara inalala, palizi inachelewa, na ada ya mtoto inakosekana. Ndiyo maana wengi wao, kabla ya kufika kwetu, huwa wamejaribu kila dawa wanayoambiwa na jirani. Baadhi ya dawa hizo hazina neno. Nyingine zinaacha jeraha kubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Mwezi huu tueleze ugonjwa huu ni nini, nini cha kufanya nyumbani, nini kisifanywe kabisa, na lini mgonjwa aache kujitibu aende hospitali.

KWANZA, KITAZAME KISIGINO

Kabla ya kusema "mfupa umeota", kaa mahali penye mwanga, osha mguu, ukitazame kisigino chenyewe. Mwombe mwenzako akusaidie kama huoni vizuri. Tafuta mambo haya:

1. Mwiba, kipande cha chupa au jiwe dogo lililoingia na ngozi ikafunga juu yake.
2. Funza, hasa pembeni mwa kisigino na kwenye vidole.
3. Magaga yaliyopasuka mpaka kwenye nyama na kutoa damu au usaha.
4. Jipu au uvimbe mwekundu wenye joto.
5. Kidonda, hata kiwe kidogo.

Ukikuta mojawapo, ugonjwa wako si huu tunaouzungumzia leo, na matibabu yake ni mengine. Ngozi ikiwa nzima, na maumivu yako chini ya kisigino, kuelekea upande wa ndani wa wayo, na ni makali zaidi kwenye hatua za kwanza za asubuhi, basi endelea kusoma.

NI NINI KINACHOUMA?

Chini ya wayo, kuanzia mfupa wa kisigino hadi kwenye mashina ya vidole, kuna utepe mpana na mgumu unaofanana na kano. Kazi yake ni kushika upinde wa mguu, kama kamba ya upinde wa mshale inavyoshika ule mti usinyooke. Kila unapokanyaga, uzito wa mwili unaukandamiza upinde huo, na utepe unavutika. Ukiinua kisigino ili upige hatua nyingine, unavutika tena.

Utepe huu una nguvu sana. Lakini ukivutwa kupita kiasi, siku hadi siku, bila kupata nafasi ya kupumzika, unaanza kuchakaa pale ulipojishika kwenye mfupa wa kisigino. Hapo ndipo panapouma. Usiku tunapolala, mguu hulegea na vidole huelekea chini, na utepe unakaa ukiwa umefupika. Asubuhi unapokanyaga, unavutwa ghafla, na sehemu iliyochakaa inalia. Hiyo ndiyo sababu ya maumivu ya hatua ya kwanza.

Je, ule mfupa unaosemwa umeota? Ni kweli upo kwa watu wengi. Mahali utepe unapovuta kwa miaka mingi, mfupa wa kisigino hujiongeza kidogo kidogo, na kwenye picha ya eksirei unaonekana kama ncha ya mwiba. Mgonjwa akionyeshwa picha hiyo anashtuka, anadhani kila akikanyaga mwiba ule unamchoma nyama. Sivyo. Ncha ile haikuelekea chini kama msumari, bali imelala kuelekea vidoleni, ikifuata njia ya utepe.

Chama cha madaktari bingwa wa mifupa wa Marekani kinaeleza kwamba mtu mmoja kati ya 10 anao mfupa huo, lakini katika watu 20 walio nao, ni mmoja tu anayeumwa mguu. Maana yake ni hii: mtu anaweza kuwa na mfupa huo asiumwe kamwe, na mwingine akaumwa sana bila kuwa nao. Kinachouma zaidi ni utepe uliochoka. Na hii ni habari njema, kwa sababu utepe uliochoka unaweza kupona bila mfupa kukatwa. Wagonjwa zaidi ya 9 kati ya 10 hupata nafuu kwa njia rahisi, ndani ya miezi 10 hivi tangu waanze kuzifuata. Wengi wanaanza kuona tofauti mapema zaidi, lakini lazima tuseme ukweli: ugonjwa huu hauponi kwa juma moja.

UNASABABISHWA NA NINI?

Mara nyingi sababu si moja. Zilizo kubwa ni hizi:

Kusimama muda mrefu juu ya sakafu ngumu. Saruji haina huruma na kisigino.

Uzito wa mwili kuongezeka. Hata ujauzito huongeza mzigo juu ya nyayo.

Viatu vibaya. Ndala nyembamba zilizolika kisigino, viatu vya mitumba vilivyokwisha umbo la mtu mwingine, na viatu vilivyo bapa kabisa huacha upinde wa mguu bila msaada. Katambuga za tairi ni imara, lakini ndani ni ngumu kama ubao.

Misuli ya nyuma ya mguu, yaani shavu la mguu, kukakamaa. Misuli hii ikiwa mifupi, kisigino hakikanyagi kwa utulivu, na mzigo unahamia kwenye utepe.

Kuongeza kazi ghafla. Mtu amekaa miezi bila kutembea sana, kisha msimu wa kulima unafika, anatoka kila siku alfajiri na jembe begani. Au kijana anaanza kukimbia maili nyingi kwa mara ya kwanza.

Hapo kwenye kuongeza ghafla tusieleweke vibaya. Kutembea si ugonjwa. Mkoa wetu ni mkoa wa watembeaji. Mwezi Oktoba mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, karibu kilometa 220, kwa siku nane. Ukigawanya, utaona ni kilometa zisizofika 30 kwa siku. Safari ndefu iligawanywa. Ndivyo ilivyo kwa miguu yetu: inaweza kufanya kazi kubwa sana, ila inataka kuzoeshwa na kupumzishwa.

Wengine huuliza kama ni maziwa au dagaa vinavyouotesha mfupa huo, kwa kuwa vina madini ya chokaa. Hapana. Usiache maziwa wala dagaa kwa ajili ya kisigino. Mifupa yako yote inavihitaji.

MATIBABU YA NYUMBANI

Hatua ya 1: Punguza mzigo

Kupumzika hakuna maana ya kulala kutwa. Ni kupunguza kile kinachoumiza. Muuza samaki atafute kigoda, akae anapoparua na kupanga samaki, asimame tu mteja anapofika. Mwalimu aweke kiti mbele ya darasa. Mpishi apepetee mchele akiwa amekaa. Mwenye safari mbili za maji kwa siku ajaze ndoo ndogo, au amwachie kijana wa nyumbani safari moja. Baba mwenye baiskeli aikumbuke. Kanisani, mwenye kisigino kinachouma anaweza kukaa wakati wengine wamesimama, hakuna atakayemhukumu.

Anayesimama kazini juu ya saruji atandike kipande cha zulia kuukuu, gunia lililokunjwa au boksi nene mahali anaposimamia.

Hatua ya 2: Usikanyage sakafu kwa mguu mtupu

Weka viatu kando ya kitanda. Visiwe mlangoni, viwe pale pale miguu inaposhukia. Hata kama unakwenda uani tu, vaa.

Kiatu kizuri kina sifa hizi: kisigino kimeinuka kidogo, kiasi cha sentimeta 2 au 3, soli ni nene na haikunjiki katikati kama karatasi, kina mkanda au kamba ya kukishika mguu, na hakibani vidole. Raba nzuri ya mitumba inafaa, mradi soli yake haijalika upande mmoja. Viatu vya visigino virefu sana havifai, kwa sababu vinazidi kufupisha misuli ya nyuma.

Kama huna uwezo wa kununua viatu vipya, tengeneza mto wa kisigino. Chukua kipande cha sponji ngumu ya godoro la zamani. Kikate kwa umbo la kisigino chako, unene wa kidole kimoja. Kiweke ndani ya kiatu, na kitengeneze cha pili kwa ajili ya mguu mwingine ili usitembee upande upande. Sponji ikisinyaa baada ya majuma machache, kata nyingine. Mwenye katambuga anaweza kumwomba fundi amgundishie tabaka la sponji na kipande cha ngozi juu yake. Wanaovaa buti za mpira, kama vile wachimbaji wa dhahabu na wakulima wa mabondeni, waweke mto huo pia, maana buti nyingi za mpira ndani ni bapa kabisa.

Hatua ya 3: Mazoezi

Ukiniuliza ni kipi katika yote kinachosaidia zaidi, nitakujibu: mazoezi yanayofanywa kila siku bila kuruka. Hayagharimu hata senti moja.

Zoezi la kwanza ni la kitandani, kabla hujakanyaga chini. Kaa ukingoni mwa kitanda. Weka mguu unaouma juu ya goti la mguu mwingine. Kwa mkono, shika vidole vya mguu huo uvivute kuelekea kwenye ugoko mpaka usikie wayo unavutika. Kwa mkono mwingine pitisha kidole chini ya wayo. Utausikia utepe umekaza kama kamba. Shikilia huku ukihesabu hadi 10, kisha achia. Rudia mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na mara ya kwanza iwe kabla ya ile hatua ya kwanza ya asubuhi. Fanya vilevile kabla ya kusimama baada ya kukaa muda mrefu.

Zoezi la pili ni la ukutani. Simama ukiutazama ukuta, weka viganja vyote viwili ukutani. Mguu unaouma uwe nyuma, goti limenyooka, kisigino kimekaa chini, na vidole vinaelekea mbele. Kunja goti la mguu wa mbele, ujisogeze ukutani polepole mpaka usikie shavu la mguu wa nyuma linavutika. Shikilia ukihesabu hadi 30. Rudia mara tatu. Kisha fanya tena, safari hii ukiwa umekunja kidogo goti la nyuma, bila kuinua kisigino. Asubuhi na jioni vinatosha.

Zoezi la tatu ni la kusugua wayo. Ukiwa umekaa kwenye kiti, weka chini chupa ya plastiki iliyojaa maji, au mti wa kusukumia chapati, na uuviringishe kwa wayo kuanzia kisiginoni hadi vidoleni kwa dakika tano. Mti huo usirudi jikoni. Tafuta mwingine wa chapati. Chupa ya kioo usitumie, inaweza kupasuka.

Zoezi la nne ni la kuongeza nguvu, na lianze baada ya majuma mawili hivi, maumivu yanapokuwa yamepungua kidogo. Kunja kitambaa au kipande cha kanga kiwe kama kamba nene, kiweke juu ya ngazi ya mlangoni. Simama hapo huku vidole vikiwa juu ya kitambaa, na kisigino kikining'inia nje ya ngazi. Jishikilie ukuta au mlango. Inuka polepole ukihesabu hadi tatu, tulia ukihesabu mbili, shuka ukihesabu tatu. Anza kwa miguu yote miwili. Ukizoea, tumia mguu mmoja. Fanya mara 8 hadi 12, siku moja baada ya nyingine, usifanye kila siku. Mzee mwenye kizunguzungu au asiyekuwa na nguvu za kujishikilia aliache zoezi hili.

Kuvutika wakati wa mazoezi ni sawa, na maumivu madogo yanavumilika. Lakini yakizidi na kuendelea mpaka kesho yake, umezidisha, punguza.

Hatua ya 4: Baridi

Baada ya kazi, kisigino kikiwa kinawaka, baridi hutuliza. Nunua maji yaliyogandishwa kwenye chupa ya plastiki, yafunge kwa kitambaa, uviringishe wayo juu yake kwa dakika 10 hadi 15. Barafu isigusane na ngozi moja kwa moja. Pasipo na barafu, tumia kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya mtungi, kibadilishe kila kinapopata joto.

Tunaoishi kando ya ziwa tuna kishawishi cha kwenda kutumbukiza miguu ziwani. Tafadhali msifanye hivyo. Minyoo ya kichocho imo katika maji ya kando ya Ziwa Viktoria, na huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Utatuliza kisigino na kubeba ugonjwa mwingine. Chota maji safi, kaa nyumbani.

Na kukanda kwa maji ya moto je? Maji ya uvuguvugu kwenye shavu la mguu kabla ya mazoezi yanasaidia kulegeza misuli. Yapime kwa kiwiko kwanza. Yakikuchoma kiwiko, ni ya moto mno.

Hatua ya 5: Dawa za maumivu

Dawa hutuliza, haziponyi utepe. Kwa mtu mzima, parasetamoli ya miligramu 500 ni vidonge viwili kwa mara moja, kukiwa na saa sita kati ya dozi na dozi. Isizidi vidonge 8 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana aulize kwanza.

Diklofenaki, ambayo wengi huiita diklopa, na ibuprofeni zina nguvu zaidi, lakini zina madhara pia. Zisinywewe tumbo likiwa tupu, na zisinywewe pamoja, kwa kuwa ni za jamii moja. Zisitumiwe bila ushauri wa mganga na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au pumu, wala na mama mjamzito. Kwa mtu mwenye afya, siku chache zinatosha. Wapo watu wanaozimeza kila asubuhi kwa miezi ili waweze kwenda sokoni. Hao wanaweza kufika hospitalini wakitapika damu, au figo zikiwa zimeharibika, huku kisigino bado kinauma. Usifikie hapo. Dawa ya kupaka inayochuliwa kisiginoni ni salama zaidi kuliko kumeza vidonge mfululizo.

Hatua ya 6: Uzito

Mwenye uzito mkubwa akipunguza hata kilo chache, nyayo zitamshukuru. Punguza tonge la ugali, sukari kwenye chai, soda, mandazi na mafuta. Ongeza mboga, maharage na samaki. Mama anayenyonyesha au mjamzito asijinyime chakula. Yeye azingatie viatu na mazoezi.

YASIYOFAA KABISA

Usikanyage jiwe la moto wala tofali lililotolewa jikoni. Hili ni jambo la hatari sana, hasa kwa mwenye kisukari. Kisukari huua hisia za miguu. Mtu anasimama juu ya jiwe la moto na kusema, "Leo naona nafuu, silisikii hata joto." Halisikii kwa sababu mishipa yake ya fahamu imekufa ganzi, wakati nyama inaungua. Kidonda cha namna hiyo kinaweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Mwenye kisukari asitumie maji ya moto wala barafu miguuni. Aangalie nyayo zake kila jioni, asitembee peku hata ndani ya nyumba, na akiona kidonda au lengelenge aende hospitali siku hiyo hiyo.

Usichanjwe kwa wembe kisiginoni ili "damu mbaya itoke". Hakuna damu mbaya pale. Chanjo hizo huingiza vijidudu, pamoja na pepopunda, na wembe uliotumiwa kwa mwingine unaweza kuleta virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Usikubali kuchomwa sindano ya kisigino dukani au nyumbani kwa mtu. Ipo sindano inayotolewa na daktari kwa wagonjwa waliochaguliwa, na inatuliza kwa muda. Ikirudiwarudiwa inaweza kuukata utepe wenyewe, na kuumaliza ule mto wa mafuta ulio chini ya kisigino. Hiyo ni kazi ya daktari, mahali safi, tena kwa tahadhari.

Usikimbilie kuomba upasuaji wa "kukata mfupa". Upasuaji huwahusu wagonjwa wachache sana, walioendelea kuumwa sana baada ya kufuata matibabu mengine kwa mwaka mmoja hivi.

LINI UENDE HOSPITALI?

Usisubiri ukiona mojawapo ya haya:

1. Maumivu yalianza ghafla baada ya kuanguka au kuruka, na huwezi kukanyaga.
2. Ulisikia kitu kimekatika nyuma ya kisigino, na sasa huwezi kusimama kwa ncha za vidole.
3. Kisigino kimevimba, ni chekundu na cha moto, au una homa.
4. Mguu una ganzi au unawaka kama pilipili.
5. Maumivu yanakuamsha usiku hata ukiwa umelala tu, au unapungua mwili bila sababu.
6. Visigino vyote viwili vinauma pamoja na mgongo au viungo vingine, hasa kwa kijana ambaye mgongo wake hukakamaa asubuhi.
7. Una kisukari.
8. Mgonjwa ni mtoto mwenye selimundu. Mifupa ya watoto hawa hushambuliwa na vijidudu kwa urahisi. Maumivu ya mfupa pamoja na homa yasisubiri kesho.

Mtoto mwenye afya wa miaka 8 hadi 14 anayelalamikia kisigino baada ya kucheza mpira, mara nyingi ni kwa sababu mfupa wake bado unakua. Apumzishwe mpira kwa muda, avae viatu vyenye mto. Asipopata nafuu, aletwe aonekane.

Na kama umefuata maelezo haya kwa majuma sita bila kuruka, na huoni nafuu hata kidogo, njoo. Tutakupima, na ikibidi utapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Musoma, au kwa madaktari wa mifupa Bugando, Mwanza.

RATIBA FUPI YA KUBANDIKA UKUTANI

Alfajiri: zoezi la kitandani mara 10, kisha vaa viatu, kisha simama.
Asubuhi: zoezi la ukutani, mto wa kisigino ndani ya kiatu, halafu kazini.
Mchana: kaa kila upatapo nafasi, zoezi la kuvuta vidole tena.
Jioni: sugua wayo, zoezi la ukutani, kitambaa cha baridi dakika 15.
Kabla ya kulala: kuvuta vidole kwa mara ya mwisho. Blanketi lisikazwe miguuni hadi likasukuma vidole chini.

Chukua kalenda ya ukutani, na kila asubuhi baada ya hatua ya kwanza andika namba kwenye tarehe: 0 kama hakuna maumivu, 10 kama ni makali kupita yote. Usilinganishe leo na jana, kwa sababu siku moja hupanda na nyingine hushuka. Linganisha juma na juma. Wengi hukata tamaa katika juma la tatu kwa kudhani hakuna kinachobadilika, kumbe kalenda ingewaonyesha wametoka kwenye 8 hadi 5. Na ukiona umefika 1 au 0, usiache mazoezi siku hiyo hiyo, wala usizirudie zile ndala zilizolika. Endelea miezi mingine miwili au mitatu, maana ugonjwa huu una tabia ya kurudi kwa aliyeusahau mapema.

Mwisho, neno kwa wale wa nyumbani. Mgonjwa huyu haonekani mgonjwa. Hana homa, hana bandeji, anacheka na wageni. Mkimwona mama anashika ukuta asubuhi, msimwambie ni uvivu wala uzee. Mwacheni akae, mchukueni ndoo, mchongeeni kigoda cha kukalia sokoni. Haba na haba hujaza kibaba: dakika chache za mazoezi, viatu vinavyofaa na mikono ya kumsaidia vitamrudisha kwenye kazi yake, akitembea kwa miguu yake miwili.